Kompyuta Mbovu ya Chumba cha Nyuma

Kisarawe,
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa Dada Eugenia,

Shikamoo dada. Mimi huku ni mzima, kibaridi cha asubuhi tu ndicho kinachonisumbua. Wewe na shemeji mnaendeleaje? Mguu umepoa? Na duka hapo Maili Moja, wateja wapo? Mwanao Brighton aliniambia kwamba ile laptop aliyokuachia alipokwenda chuo Dodoma umeifunika kitambaa cha kufuma bila hata kuiwasha, na juu yake umeweka ua la plastiki. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Halafu nikajirudi, maana mimi ni nani wa kukucheka.

Ningeweza kupiga simu, lakini ninayotaka kukuambia nikiyasema kwa mdomo nitalia, nawe utauliza ninalia nini, na salio litaisha. Kwa hiyo nimekaa nikaichapa barua hii mwenyewe. Tunu, nesi wetu, anakuja kwao Mlandizi kesho, atakupitishia.

Uliponiombea kazi ya mapokezi kwa rafiki yako Hajira, msimamizi wa zahanati hii, niliipenda tangu mwanzo. Wazee nawajua kwa majina, na faili la mgonjwa nilikuwa nalitoa kabatini hata nikiwa nimefumba macho. Kisha mafaili yakaachwa, na mezani kwangu ikaletwa kompyuta mpya inayong'aa. Dada, niliiogopa kama mbwa wa jirani. Mafunzo nilihudhuria na niliyaelewa, tena wenzangu waliokwama niliwaelekeza. Lakini nikikaa mbele yake peke yangu, mikono inakufa ganzi. Nilimsikia marehemu baba akitukemea kama zamani, kwamba redio yake tusiiguse, tutaiharibu. Basi nikawa naandika jina la mgonjwa kwenye karatasi, kisha namfuata Tunu aje anibonyezee.

Foleni ikafika nje. Siku moja mama mmoja mwenye mtoto aliyekuwa anachemka homa alisubiri mbele yangu mpaka mtoto akaanza kutetemeka. Tunu alimnyakua akakimbia naye ndani bila kumwandikisha. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, ila uso wa mama yule ulinikaa moyoni.

Hajira aliniita. Alisema ananipenda kama mdogo wake, lakini wagonjwa hawawezi kuugulia woga wangu. Mwezi ukiisha nikiwa vilevile, atatafuta mtu mwingine. Ndiyo siku niliyokupigia simu nikilia, ukaniambia nile kwanza.

Kesho yake Hajira alimweka Tunu mapokezi, mimi akanipeleka chumba cha nyuma. Huko kulikuwa na kompyuta kuukuu, imepauka, imebandikwa karatasi yenye neno MBOVU. Aliniambia imeshaandikiwa kutupwa na inawaka kwa ubishi tu. Nichukue mafaili ya zamani, niingize majina humo kama mazoezi, na ikifa, ife.

Sasa kitu kilichokwisha kufa utakiogopea nini? Nikabonyeza. Nilikosea, nikafuta, nikakosea tena. Mara kioo kikajaa maneno nisiyoyajua, nikakiambia kwa sauti kwamba wewe umeshatupwa, unamtisha nani, nikahangaika nacho mpaka yakaondoka. Taratibu vidole vikazoea njia. Nikawa namaliza rundo la mafaili kabla ya chai na kwenda kuomba jingine, huku nikiimba nyimbo za kwaya peke yangu.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Hajira alikuja akasimama nyuma yangu, akaibandua ile karatasi. Alisema kompyuta hiyo haijawahi kuwa mbovu, ni uzee tu. Kila jina nililoliingiza lilikuwa likitokea palepale kwenye kompyuta ya mapokezi kwa Tunu, na wagonjwa wamekuwa wakihudumiwa kwa kazi ya mikono yangu. Nilihisi ganzi ikianza kunirudia, lakini ilikuwa imechelewa, vidole vilishajua. Nimerudi mapokezi, kwenye ile inayong'aa, na foleni siku hizi haifiki mlangoni. Ijumaa nimethibitishwa kazini.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Nilipomshukuru Hajira alikataa. Alisema hila ile si yake. Alisema wewe ulimpigia jioni ileile niliyokulilia, ukamwambia kuhusu mimi, kwamba Aneth ukimpa kizima atahofia kukivunja, mpe kilichovunjika uone. Ukamwambia dawa hiyo ulishaijaribu kwa baiskeli ya baba.

Dada, ndipo nilipoelewa. Wakati ule tukiwa wadogo nyumbani Mlandizi uliniambia baba ameshaikatia tamaa baiskeli yake, anaiuza chuma chakavu, kwa hiyo nijifunzie, nikianguka nianguke. Nilianguka nayo njia nzima ya kwenda mtoni Ruvu mpaka nikajua kuendesha. Na baba alikuchapa wiki ile ukashindwa kukaa, ukaniambia umevunja chungu. Miaka yote hii nimeamini habari ya chungu. Hapakuwa na chungu. Ilikuwa baiskeli yake nzima, aliyoipenda kuliko redio, nimeikwaruza mimi, na fimbo ukazibeba wewe, wala hukuwahi kunidokeza.

Asante, dada yangu. Nimetafuta neno kubwa kuliko hilo sikulipata. Mimi niliyekuwa naogopa kila kitu, ujasiri wangu wote umetoka kwako. Mungu akuweke.

Nisalimie shemeji, na majirani wote wa hapo dukani. Jumamosi nikijaliwa nitakuja, nitakaa mpaka Jumapili jioni. Liondoe ua, na kitambaa ukifue. Nimeshazungumza na Brighton kuhusu hiyo laptop, naye amenihakikishia kwamba ni mbovu kabisa, haifai hata kumpa mtu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Aneth