Ulikusudia Kalamu?

Matisi, Kitale

Dada yangu Nasimiyu,

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu tukuzike ni miezi minane, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Kabla ya hapo kalamu yangu ilinyamaza miaka sita, wakati ulikuwa hai na ungeweza kunijibu. Kimya hicho cha kwanza ndicho kinachonisumbua. Hiki cha pili ni mazoea tu yaliyoendelea.

Huku nyumbani hatujambo. Binti yako Naliaka naye hajambo. Nyumba yako ya Kibabii ameipaka rangi, na kuku wako amewagawa kwa majirani, isipokuwa yule jogoo mkali, ambaye hakuna aliyemtaka. Baada ya matanga aliniita kando akanikabidhi kipakatalishi chako kikiwa kimefungwa ndani ya leso. "Mjomba, Mama alisema hii laptopu ni yako," akaniambia. Nilimwuliza nifanye nacho nini. Akasema hilo hakuambiwa.

Nilijua kwamba ulikuwa ukijifunza kuandika programu za kompyuta. Uliniambia kwa simu, katika yale mazungumzo yetu mafupi ya kuulizana afya na mavuno. Ulisema kwamba baada ya kustaafu shule ya chekechea ulikuwa umeanza kufundisha ngumbaru katika ukumbi wa kanisa, watu wazima ambao hawakupata kusoma, na kwamba wewe mwenyewe pia ulikuwa umerudi darasani, ukifundishwa bure na kijana usiyemjua kwenye video za mtandao. Nilikuuliza mwanamke wa miaka sitini anatafuta nini huko. Ulicheka, kisha ukasema: "Kaka, hii mashine inanisahihisha lakini hainicheki." Nilikuuliza kuhusu mahindi.

Sasa nalikumbuka neno hilo kila siku, pamoja na ile barua.

Uliniandikia kunialika kwenye sherehe ya kustaafu kwako. "Kaka, nakualika kwa kalamu yangu," uliandika. Sote wawili tulizaliwa Bungoma, na sote tulianza maisha tukichanganya l na r. Mimi nilichapwa shuleni hadi nikaacha kuzichanganya. Wewe ulichapwa na hukuacha. Nilijua vizuri kwamba ulimaanisha karamu. Hata hivyo nilichukua wino wangu mwekundu wa ualimu, nikalizungushia neno lile duara, nikaandika pembeni: "Ya wino au ya risasi?" Chini ya ukurasa niliandika idadi ya makosa, kumi na saba, nikairudisha barua kwa posta. Sikuja kwenye karamu. Nilidhani utaniandikia tena, kwa uangalifu zaidi.

Hukuniandikia tena.

Kipakatalishi kilikaa juu ya kabati miezi mitatu. Siku nilipokifungua niliona kwamba ndani ya leso ulikuwa umeweka pia daftari lako la masomo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi mbili tu: "Mwalimu huyu hanioni. Kwa hiyo simwogopi." Nilizisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Namjua mwalimu aliyekuwa akikuona.

Nikaamua kuyafuata masomo yako kuanzia la kwanza, kila asubuhi baada ya chai. Kijana wako wa video anasema haraka sana, lakini ana subira ambayo mimi sikuwa nayo. Somo la pili nilimrudisha nyuma mara kumi na moja. Mtoto wa shule yangu ya Saboti angenitaka nirudie jambo mara kumi na moja, ningempeleka nje akasimame juani. Kijana huyu alirudia kwa sauti ile ile, na kila mara akasema kwamba hapa ndipo wengi hukwama.

Najua ungependa kusikia kosa langu la kwanza. Niliiagiza mashine iandike salamu, nami nikamaliza mstari kwa nukta, kwa sababu sentensi humalizika kwa nukta. Ikakataa. Nikauandika upya kwa mwandiko ule ule na nukta ile ile. Ikakataa tena. Siku mbili nzima, Nasimiyu, nilibishana na kompyuta kuhusu nukta. Siku ya tatu nilikuta katika daftari lako, kwa herufi kubwa: "HAKUNA NUKTA MWISHONI. KAKA HATAKUBALI." Nilicheka peke yangu mezani hadi jirani akaniuliza kupitia dirishani kama niko salama.

Baada ya miezi miwili nilikuwa naweza kusoma kidogo, nikaifungua programu uliyoiandikia darasa lako. Naliaka alikuwa amenieleza inavyofanya kazi: picha hutokea, mwanafunzi huandika jina la kitu anachokiona, na mashine humjibu. Alisema pia kwamba ulikuwa bado hujaimaliza ulipougua. Picha ya kikombe ilikubali. Ya mlango ikakubali. Picha ya tatu haikutokea, na programu yote ikasimama.

Katika maandishi ya kosa mashine ilisema, kwa Kiingereza chake cha adabu, kwamba haijui jina kalamu. Kisha ikauliza: ulikusudia karamu?

Niliyatafuta maneno hayo mawili ndani ya programu. Juu kabisa, mahali ulipoipa picha ya kalamu jina lake, uliandika karamu. Chini, mahali ulipoiita, uliandika kalamu. Mashine haikuzaliwa Bungoma. Kwake majina hayo ni ya vitu viwili. Nilibadilisha herufi moja, na programu ikaenda hadi mwisho. Zamani ningejisifu. Kosa hilo nimelitafuta katika madaftari ya watoto kwa miaka thelathini na sita, na hakuna mtu anayeliona haraka kuliko mimi. Lakini lililonishika mkono ni lile swali. Niliyazungushia maneno duara, nikayakata, nikayahesabu, na katika miaka hiyo yote sikumwuliza mtoto hata mmoja alikusudia nini.

Nilijibu maswali yako yote ishirini, nikayapata yote, nikapanga safari ya Bungoma kukirudisha kipakatalishi kwa wanafunzi wako. Nilidhani kazi yangu imekwisha.

Walikuwa wanane, wameketi kwenye viti vya kwaya. Wa kwanza kujaribu alikuwa Mama Felista, yule muuza vitunguu uliyeniambia kwamba alianza kwa kujifunza kushika penseli. Alipofika picha ya tatu aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, k-a-r-a-m-u. Nilikuwa nyuma yake. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka kumwonyesha.

Kwenye kioo yakatokea maandishi ambayo sikuwahi kuyaona: "Ulikusudia kalamu? Hakuna haraka, Mama. Jaribu tena."

Yalikuwa maneno yako. Swali la mashine ulikuwa umeligeuza, ukawapa wanafunzi wako. Na mimi, niliyekuwa nimekaa na programu hiyo wiki nzima, sikuwa nimeyaona kwa sababu nilikuwa nimeandika kila kitu kwa usahihi. Maneno hayo hayamtokei mtu asiyekosea.

Mama Felista aliyasoma kwa sauti, polepole, akimaliza kila neno. Akatikisa kichwa akacheka. "Aii, Mwarimu Nasimiyu bado ananingoja tu," alisema, akaandika upya, na safari hii akapata. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka nikaweza kurudi.

Kabla sijaondoka, mzee wa kanisa alinieleza hali ilivyo. Darasa halijapata mwalimu tangu ufariki. Wanafunzi wanakutana wenyewe kila Jumanne, wanarudia yale uliyowaachia. Kwaya inautaka ukumbi, na mwalimu asipopatikana kufikia mwisho wa mwezi huu, darasa litafungwa. Akaniomba nije mimi. Nikawatazama wale wanane, nao wakamtazama Mama Felista, kama watu waliokwisha kushauriana nani atasema.

"Mwarimu, sisi tutakuja," akasema. "Lakini tumesikia ati unachekanga watu."

Hukumwambia wewe, nakujua. Wanafunzi wangu wa zamani wamejaa mji huo. Nataka kukuambia jambo moja, kwa kuwa siwezi kumwambia mtu mwingine. Alipokwisha kusema hivyo, jambo la kwanza lililonijia halikuwa aibu. Lilikuwa ni sahihisho: si "unachekanga watu", ni "huwacheka watu". Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nililimeza, nikasema nitafikiri, nikachukua kofia yangu.

Kwa hiyo nafikiri. Safari haiwezi kunizuia. Kitale na Bungoma si mbali kwa mtu asiye na kazi. Programu yako naweza kuiongezea maswali, na kila Jumatatu nafanya zoezi jipya la kijana wako kwenye kompyuta ya kukodi mjini. Ninachokiogopa ni Jumanne ambapo Mama Felista atasoma kwa sauti mbele ya wenzake, nao uso wangu ufanye kile ukifanyacho kabla sijauzuia. Wewe uliuona uso huo tangu utotoni. Yeye ana miaka sitini na mitano, na akiondoka safari moja hatarudi. Programu yako inajua kungoja. Mimi sijui kama naweza kujifunza hilo kwa umri huu, na hakuna video iliyolifundisha.

Lakini kabla sijakuaga, nina deni la jibu. Ningekuwa nimeandika yale maneno ya wino mwekundu kwenye mashine yako, ingesimama na kuniuliza nilikusudia nini. Nimelifikiri swali hilo kwa uaminifu, nikiyapita yale niliyopenda kujiambia. Nilikusudia kukuchekesha, kidogo. Nilikusudia kuonekana mjuzi, zaidi. Na chini ya hayo yote, Nasimiyu, nilikusudia kusema kwamba nimefurahi na kwamba nitakuja. Niliandika kitu kingine.

Lala salama, dada yangu. Mwisho wa mwezi haujafika. Nikishaamua nitakuandikia, siku hiyo hiyo, na barua hiyo pia nitaiandika kwa wino wa buluu na kuiacha kama itakavyotoka.

Kaka yako,
Wekesa