Wadudu wa Tumbo la Nafula

Jumamosi, mtaani Pipeline. Baridi ya Julai, ile isiyo na mvua wala jua. Nguo nilizoanika juzi bado zina unyevu, na jirani wa juu ameanika zake zikichuruzika juu ya zangu. Sina nguvu ya kupanda ngazi kwenda kugombana.

Nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka ukiwa sawa.

Binti yangu Nafula amelala hapa kando yangu. Tulitoka hospitali jana. Kila mara nainama kunusa pumzi yake, maana siku ile ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, na muuguzi akaniambia harufu hiyo ni ya kuogopwa. Sasa hivi inanuka uji tu. Nanusa tena.

Acha niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kujitetea.

Nafula ana kisukari, kile cha watoto, kinachotaka insulini kila siku. Majirani walishaamua ni peremende. Kliniki iliyopita nilimuuliza daktari imekuwaje, na ukoo wetu hauna mwenye sukari, si kwangu si kwa baba yake. Akanieleza taratibu. Kinga ya mwili ni kama askari wa geti. Ya Nafula ilichanganyikiwa, ikaona kongosho lake mwenyewe ni mwizi, ikalipiga mpaka likashindwa kutengeneza insulini. Kwa nini ilichanganyikiwa, bado hawajui vizuri. Wataalamu wanashuku mambo kadhaa, na moja ni bakteria wanaoishi tumboni, kwa sababu hao nao huifundisha kinga tangu utotoni nani mwenyeji na nani mgeni. Akasisitiza kwamba hayo bado yanachunguzwa na kwetu hayabadilishi chochote. Insulini ni ya kila siku, maisha yake yote.

Mimi hupenda kuelewa mambo. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mama mkwe wangu, ambaye Nafula humwita Kukhu, yaani nyanya, anakaa nasi tangu Nafula aanze kuugua. Alitoka Bungoma kuja kunisaidia, maana mume wangu yuko Mombasa kwenye mijengo na mimi huondoka alfajiri kwenda kiwandani, kwa hiyo sindano za Nafula humdunga yeye. Aliniuliza daktari amesema nini. Nilikuwa nasonga ugali. Nikaanza na kinga. Akashusha sauti, akauliza kama ni ule ugonjwa. Neno kinga alilisikia redioni pamoja na ukimwi, na hajawahi kulisikia kwingine. Nikacheka. Nilimwona akikunja uso, nikaendelea tu. Baada ya hapo aliuliza kitu kimoja, bakteria ni nini.

"Ni wadudu, Mama," nikamwambia. "Wadudu wa tumboni."

Nikageuza ugali.

Sasa, kwa Kukhu, tangu mume wangu akiwa mdogo, shule zikikaribia kufunguliwa watoto wote hupangwa mstari wakapewa dawa ya minyoo, awe mgonjwa asiwe mgonjwa. Ndivyo alivyolea watoto wake na wote wakakua. Kwa hiyo alishuka kwa kemisti hapo chini akanunua ya minyoo, akampa Nafula. Kisha akachemsha mwarobaini aliokuja nao, kikombe asubuhi na kikombe jioni, kusafisha tumbo. Aliona si vizuri mtoto achanganyiwe dawa mbili kali, kwa hiyo insulini akaiacha ipumzike ndani ya chungu cha maji tunamoihifadhi kwa kukosa friji. Akamwambia Nafula wadudu wakiisha, sindano nazo zitakuwa zimeisha. Mtoto gani angebisha?

Wiki hiyo tuliongezewa saa kazini. Nilikuwa narudi Nafula ameshalala. Kila nilipoingia niliuliza, amepata dawa? Kukhu alinijibu, amepata.

Hakunidanganya hata mara moja.

Halafu mwalimu wa darasa akanipigia simu. Nafula alikuwa ameomba wenzake maji yao yote, akatapika, sasa amelala kwenye dawati na haamki vizuri. Ya hospitali sitaki kuyaandika. Daktari aliniambia tungechelewa kidogo tu angekuwa ananiambia habari nyingine. Pale koridoni nilimchukia Kukhu, kweli kabisa, mpaka meno yakaniuma. Mume wangu kwenye simu alisema mama yake arudi nyumbani, halafu akasema niamue mimi. Wanaume bwana.

Leo asubuhi nilikuta Kukhu amekaa kwenye stuli, koti mwilini, mfuko wake umefungwa karibu na mlango. Dirishani kulikuwa na kibuyu chake cha maziwa lala, yale ya kugandishwa. Sijui kwa nini nilianzia hapo.

Nikamuuliza maziwa hulazwa na nini. Akaniangalia kama anayemtazama mtu asiyejua kuchemsha maji. Akasema ni yale kidogo yanayobaki kibuyuni, hayo ndiyo hulaza mapya. Nikauliza, na ukikiosha kibuyu kwa dawa ya vyoo? Maziwa yataoza tu, akasema, na kibuyu utakuwa umekiua. Nikamwambia bakteria wengi wa tumboni ni kama hao wanaolaza maziwa kibuyuni, wana kazi yao mle. Na hata wakiwa sawa sawa, kongosho la Nafula halirudi, na sindano haina siku ya kupumzika.

Akakigeukia kibuyu chake pale dirishani.

"Mbona hukuniambia hivyo?" akasema. "Wewe uliniambia ni wadudu. Na mdudu si anauliwa, Mama Nafula?"

Nilitaka kumwambia kwamba siku ile nilikuwa nimechoka. Lakini hata yeye alikuwa amechoka, nilimwona alivyoilaza mikono mapajani. Hasira haijaniisha, siwezi kudanganya. Nilichukua tu ule mfuko nikaurudisha chini ya kitanda. Akavua koti.

Mchana aliniomba nimfundishe sindano upya, mwanzo mpaka mwisho, na mimi nisicheke. Nafula akaamka katikati ya somo, amenuna.

"Mama, nishapata dawa?"

Kukhu akanitangulia. "Usiseme dawa. Dawa ni nyingi. Sema jina lake."

"Insulini," Nafula akasema, akavuta fulana juu.

Jumatatu alfajiri narudi kiwandani. Nitamwachia Kukhu mtoto, chungu na sindano, maana sina mwingine. Sijui kama nitafika hata ngazi za chini kabla sijapiga simu. Lakini nikipiga, nimeshajua nitauliza neno gani.