Mara ya Pili Kigali

Biharamulo mjini,
3 Agosti 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mgongo wa Baba umetulia. Mimi ni mzima hapa kwa Shangazi Joyceline, ila ananilisha kama ng'ombe anayeandaliwa kwa mnada.

Juzi simu ilikatika nikiwa ndiyo kwanza naanza kukueleza, kwa hiyo naandika. Vyuo vya Marekani ninavyotaka kuomba huchukua watu wachache sana, lakini wakikuchukua na nyumbani hamna uwezo, wanakusomesha wao. Matokeo ya Form Six peke yake hayatoshi. Wanataka na mtihani mwingine, SAT, wa kusoma na hesabu, unaofanywa kwenye kompyuta. Mwalimu Aristides aliyenifundisha hesabu ameniazima kompyuta yake, na tumeshapanga kila wiki nasoma nini.

Kituo cha karibu ni Kigali, na siku ni tarehe 24 mwezi huu. Nitalala Rusumo, pale mpakani, kwa Mjomba Frednand. Mama, hakuna kitu nimewahi kukitaka hivi. Naomba baraka zako.

Mwanao,
Scola

Nyakisasa,
13 Agosti 2024

Mwanangu Scola,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baba yako mgongo unamuuma akiona jembe tu, akiona pombe ya rubisi anapona.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na Baba yako akaisoma peke yake nje. Mtihani gani huo hauna sare wala mkuu wa shule? Na unavuka mpaka kuufuata! Mimi nilidhani ukimaliza Form Six umemaliza. Lakini kama Mwalimu Aristides yumo, sina neno, yule mtu hana mzaha.

Bartholomayo, kondakta wa basi, anakuletea maharage na mkungu mmoja. Shangazi yako asiseme tumekutupa kwake mikono mitupu. Baraka unazo tangu tumboni, chukua na hizi nyingine.

Mama yako

Biharamulo mjini,
12 Septemba 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Hamjambo wote? Maharage yamefika, Shangazi anashukuru.

Mtihani nimefanya. Mjomba Frednand, kwa kazi yake ya kutoa mizigo forodhani, anavaa saa mbili, moja ya kwetu na moja ya Rwanda, maana wenzetu wako nyuma kwa saa moja. Asubuhi ile akanipeleka kwa saa ya kwetu! Tulifika mlinzi bado anapiga mswaki.

Matokeo yametoka. Si mabaya. Ila Mwalimu amesema nirudie, tarehe 2 Novemba. Mengine nitaandika vizuri, basi la Bartholomayo linanipigia honi hapa nje.

Mwanao,
Scola

Nyakisasa,
23 Septemba 2024

Mwanangu mpenzi,

Pole. Pole sana mama. Unakula? Unalala?

Hayo "si mabaya" yako nayajua, ni yale yale ya siku ulipovunja chungu cha bibi yako. Usilie. Kufeli si kufa. Nimelia mimi kwa niaba yako, inatosha. Majirani wakiuliza nasema una malaria.

Jana nilitoa nia ya misa. Nilimwambia katekista asome kwa adabu, asitaje mambo mengi. Akasimama na sauti yake ile ya kuitia ng'ombe: "Tumwombee Skolastika binti Audax, aliyefeli mtihani wa Kigali, Mungu amjalie moyo." Kanisa zima likageuka kunitazama. Malaria yangu ikaishia hapo.

Sasa sikiliza. Baba yako ameongea na mtu wa chuo cha ualimu, nafasi bado ipo. Anasema mtoto wake hatapigwa mara mbili na mtihani wa watu asiowajua. Atakuja Jumamosi ya tarehe tano kukuchukua. Ualimu ni kazi ya heshima. Funga mizigo yako taratibu.

Mama yako akupendaye

Biharamulo mjini,
25 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka Shangazi akaja kutazama, halafu nikalia. Kanisani, Mama! Nitapita wapi mimi?

SIJAFELI. Kosa ni langu, niliandika kwa haraka. Nimepata 1380 kati ya 1600. Mwalimu Aristides alishangilia mpaka akamwaga chai. Mtihani huu si kama wa kwetu, ambao anayerudia ni aliyeanguka. Huu watu hupanga tangu mwanzo kuufanya mara mbili, na vyuo vingi hutazama alama iliyo juu. Mama, kahawa huichumi yote siku moja. Unachuma iliyoiva, unarudi kwa iliyobaki, na hakuna anayesema mti umefeli.

Lakini wale wanaochukuliwa na vyuo ninavyovitaka, wengi wana zaidi ya hiyo niliyopata. Baba akija kunichukua, Novemba imekwisha, na nitaomba kwa alama pungufu nikijua ningeweza zaidi. Ualimu siudharau, aliyenifikisha hapa ni mwalimu. Ila naomba mniache nirudi Kigali mara hii moja. Mwambie Baba asije. Nakusihi.

Mwanao,
Scola

Nyakisasa,
6 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba, na pole tena, safari hii kwa ujinga wangu.

Barua ilifika Baba yako keshapiga viatu rangi. Nilimsomea pale mlangoni. Akavua viatu, akaenda kukata majani ya ndizi. Jioni ndipo aliponiambia, "Mwandikie kwamba nitamsindikiza hadi Rusumo mimi mwenyewe."

Padre nimemweleza, akacheka, akasema sala haipotei. Lakini jumuiya bado sijaiambia, na nitakwambia kwa nini. Unamkumbuka Nice wa Niragira, aliyefeli Form Four akawa hatoki ndani hata kuteka maji? Leo baada ya misa alikuja kwangu mchana kweupe. Akasema, "Mama Scola, kama Scola mwenye akili zile amefeli na anarudia, mimi najificha nini?" Anataka kujiandikisha mwakani kama mtahiniwa binafsi. Sasa nimwambieje kwamba hukufeli? Nimemkaangia karanga, akaondoka nazo. Niambie wewe msomi.

Soma, ila ulale.

Mama yako

Biharamulo mjini,
20 Novemba 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini mko wazima na mvua imewafikia.

Matokeo yametoka jana. 1470! Mwalimu anasema inatosha, sasa tunaandika maombi, yataondoka kabla ya Krismasi. Majibu ni mwezi wa tatu. Wanaweza kunikataa bado, Mama, wanakataa wengi wenye alama kubwa kuliko zangu. Lakini nimelala usingizi mzuri jana, wa kwanza tangu mwezi wa nane.

Nice nilimwambia mwenyewe nilipopita nyumbani, sikutaka ajenge juu ya uongo. Alininunia mpaka chakula kikaiva. Halafu akasema vitabu ameshaazima na hisabati imeanza kumwingia, kwa hiyo nisimsumbue.

Baba hakusema chochote njia nzima hadi Rusumo. Je, amekasirika?

Mwanao,
Scola

Nyakisasa,
1 Desemba 2024

Binti yangu Scola,

Salamu. Hatujambo. Mama yako yuko shambani, leo naandika mimi. Mwandiko utauvumilia.

Sijakasirika. Mimi nilifeli darasa la saba. Walisoma majina, langu halikuwepo, nikarudi nyumbani nikashika jembe, na hakuna aliyeniambia kwamba kuna mara ya pili. Niliposikia umefeli, nilitaka nikuondoe huko haraka kabla watu hawajakutazama kama walivyonitazama mimi.

Siku ile uliponiaga kwenye daraja la mpakani sikurudi nyumbani. Nilikaa Rusumo kwa shemeji Frednand mpaka uliporudi jioni, nikamwambia asikwambie. Nilikuona kwa mbali unashuka garini unacheka na mtu usiyemjua. Nilifurahi sana, mwanangu.

Alama hizo sizielewi. Mama yako anazitaja kila aendapo, wala yeye hazielewi. Wamarekani wakikuchukua, nitakusindikiza hadi kwenye ndege. Wakikukataa, njoo nyumbani ule kwanza, upumzike, halafu tukae wewe na mimi tupange upya.

Baba yako