Mguu Wenye Kidole

Same, 14 Januari 1992

Mpendwa Dada Raheli,

Shikamoo. Natumaini wewe na magoti yako mnaendelea vizuri huko Vudee, na kwamba baridi haijayazidi. Huku tambarare sisi ni wazima, wifi yako Redempta anakusalimu, na joto nalo halijambo.

Nakuandikia mguu ukiwa juu ya kreti ya soda. Kile kidonda cha kidole gumba hakitaki kufunga. Nilikwenda hospitali, nikapimwa na daktari kijana, mpole, mteja wangu wa maini. Alinifunga mpira mkononi, akaitazama saa kama anayesubiri basi, akasema: "Mzee Aminieli, sukari iko juu, presha nayo iko juu." Nikamwambia mimi ni mtu wa milimani, kwetu kila kitu kiko juu. Hakucheka. Alisema nikiendelea hivi, mwakani watakikata kidole, na baada ya kidole huwa wanaendelea na mguu.

Dawa amenipa. Lakini anasema vidonge ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine kaniandikia kwenye karatasi: maharage, kunde, mboga za majani, makande, matunda kidogo; nyama na mafuta yake nipunguze polepole mpaka niache. Dada, niliitazama sana ile karatasi. Ni chakula kile kile cha mwaka themanini na tatu, duka lilipokuwa na rafu tupu na sisi tukipanga foleni ya mafuta yasiyokuja. Wakati ule tulikiita njaa. Leo kimepigwa muhuri wa hospitali.

Tatizo unalijua. Mimi nina bucha. Tangu siku hizi za ruksa zianze na bidhaa zirudi madukani nimekula supu asubuhi, mbavu mchana, na jioni kile kilichobaki, maana kukiacha kioze ni dhambi.

Kwa hiyo siku ya msaragambo, kijiji kizima mkitoa tope kwenye bwawa letu la ndiva, sitaweza kupanda. Nitatuma mguu wa nyuma wa ng'ombe kwa wachimbaji, kama kawaida.

Mdogo wako,
Aminieli


Vudee, 23 Februari 1992

Mdogo wangu Aminieli,

Marahaba. Magoti yangu yamekusikia, yanauliza habari za kidole. Mimi nakula, nalala, namshukuru Mungu.

Mguu wa ng'ombe ulifika. Waliula mpaka mfupa ukang'aa. Kisha Evance, mwenyekiti mpya wa ndiva, akajifuta mdomo akasimama. "Bibi Raheli, huu ni mguu wa sita. Mwakani tunataka mguu wenye kidole." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu aliendelea: mwenye shamba asipoonekana mwaka wa saba, zamu yake ya maji inapewa mwingine. Jembe langu halihesabiwi, shamba limeandikwa jina lako. Yaani Alhamisi ya baba, siku yetu ya maji, Aminieli. Ile Alhamisi ndiyo mchicha wangu, ndiyo maharage yangu, ndiyo mimi. Bila maji yale nitashuka nije kukaa na wewe kwenye joto, na sisi sote wawili hatutaki hilo.

Sasa nisikilize. Unakumbuka baba alivyokuwa akifungua ndiva? Alichomoa kizibo kidogo, akayaacha maji yazoeane na mfereji. Ukiyaachia yote mara moja yanaondoka na miche. Na wewe usiache nyama kwa kiapo. Nakujua, utaapa Jumapili, na Jumatano tutakukuta umeingia kwenye sufuria. Anza na Jumatatu tu. Mwezi ukiisha, ongeza Jumanne. Nenda hivyo hivyo.

Nimekupakilia debe la maharage, mahindi yaliyokobolewa, majani makavu ya kunde, na tangawizi. Mwambie wifi asiionee huruma tangawizi.

Dada yako,
Raheli


Same, 20 Mei 1992

Dada mpendwa,

Shikamoo. Debe lilifika salama, na huku nyumbani wote tuko salama isipokuwa heshima yangu.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano sasa ni za kunde na makande. Redempta Jumatatu ya kwanza aliniuliza, "Baba, tumefilisika au umeokoka?" Mbaraka, yule dereva wa lori anayesimama kwangu kila wiki, aliposikia aliirudisha nyama kwenye mzani. "Mzee, hii nyama ina nini mpaka mwenyewe unaikimbia?" Nikamwambia naiacha iwatoshe ninyi. Akainunua, ila aliinusa kwanza.

Kidonda kipo pale pale, kinanitazama. Daktari anasema sukari imeshuka kidogo, na hilo neno "kidogo" alilitamka kwa adabu. Makande hayanipiti kooni vizuri, Dada. Yana ladha ya gazeti lililolowa, na magazeti nayajua, ndiyo ninayofungia nyama na ndiyo shule yangu. Kwa hiyo tunaweka mfupa mmoja, kwa ajili ya harufu tu.

Mdogo wako,
Aminieli


Vudee, 9 Juni 1992

Aminieli,

Marahaba. Mimi mzima.

Mfupa gani huo? Nieleze ukubwa wake. Wewe ulipokuwa mtoto ulisema umelamba asali, na mama akakuta mzinga mtupu. Mwenye bucha akiniambia mfupa, mimi naona goti zima la ng'ombe na vyote vilivyomo.

Utoe. Usiniandikie mpaka umeutoa.

Dada yako,
Raheli


Same, 25 Oktoba 1992

Dada mpendwa,

Shikamoo. Najua ni miezi minne. Ulisema nisiandike mpaka nimeutoa, na mimi ni mtu wa kutii. Unaendeleaje? Kifua hakikukusumbua kipupwe kilipopita?

Ule mfupa niliupima kwenye mzani wangu. Kilo moja na robo. Niliaibika peke yangu bucha nzima. Hata hivyo ulikaa kwenye sufuria mpaka Agosti, kila wiki mdogo kuliko wa wiki iliyopita, mpaka siku moja Redempta akauliza kama hicho ni kidole cha kuku. Tukauacha.

Sasa nikueleze mambo mawili, na usicheke.

La kwanza. Septemba, mchana, nilikuwa nakula nikasimamisha kijiko. Nikamwita Redempta, "Umeweka nini humu?" Akasema chumvi, nyanya, tangawizi. Nikatafuna tena, polepole. Dada, nina miaka hamsini na sita na sikuwahi kula haragwe. Nilikuwa nakula supu iliyojificha ndani yake. Lina utamu wa mbali, kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Redempta alisimama pale na mwiko, akaniangalia nikila kama anayemwangalia mtu akisali.

La pili. Tarehe tatu mwezi huu nilifungua kitambaa cha kidole kama kila asubuhi. Kulikuwa na ngozi. Mpya, nyembamba kama ile ya ndani ya ganda la yai, inatoka pembeni inakutana katikati. Mimi nimekata nyama maisha yangu yote. Najua namna inavyofunguka, najua kila mshipa unapita wapi. Sikuwahi kuiona ikijifunga. Niligeuza kidole huku na huku kwenye mwanga wa mlango. Nani aliyekuwa akifanya kazi ile nilipokuwa nimelala? Mteja akaja akaomba maini, nikamwambia subiri. Akasubiri. Mwishowe na yeye akainama kutazama.

Sasa siku saba zote ni za mimea. Daktari amepunguza vidonge yeye mwenyewe, mimi sikugusa. Kila alfajiri natembea mpaka stesheni ya reli na kurudi, na viatu laini alivyoniagiza nivae. Mlima nautazama tu kwanza. Bado ni mrefu.

Mdogo wako,
Aminieli


Vudee, 17 Januari 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma kanisani ndani ya kitabu cha nyimbo, Mungu anisamehe. Mimi ni mzima, ila sina raha.

Msaragambo ni Jumanne, tarehe tisa Februari. Rogers, jirani wa chini, ameshachimba kimfereji kuelekea kwake. Hajasema kitu. Amechimba tu. Nikipita ananisalimia kwa upole sana, na ndipo ninapoogopa.

Jumatatu kuna Land Rover inapanda. Njoo nayo, hakuna atakayekucheka. Na nimefunga jogoo, yule mwekundu. Usibishe. Mtu aliyekosekana nyumbani miaka sita hapokelewi kwa maharage, watu watasema nini? Utaonja kidogo tu.

Nijibu upesi kama unakuja.

Dada yako,
Raheli


Vudee, 21 Februari 1993

Mdogo wangu Aminieli,

Natumaini ulishuka salama, na kidole hakikulalamika njiani. Mimi nimeamka nikiwa na nguvu ambazo si za umri wangu.

Tulipokuwa pamoja sikuweza kukuambia, kwa hiyo naandika. Hukuijibu barua yangu. Land Rover ya Jumatatu ilifika, nikatazama wakishuka mmoja mmoja mpaka mtu wa mwisho, na hukuwemo. Jumanne asubuhi nikakaa kizingitini na jembe langu lisilohesabiwa. Nikasema basi.

Ndipo nikamwona mtu anapanda njia ya miguu kutoka chini. Mwembamba, jembe begani, anaegemea kushoto kila baada ya hatua tatu. Aminieli, nilimwona baba. Baba tuliyemzika mwaka wa sabini na moja alikuwa anapanda kuja kuchukua Alhamisi yake. Nilisimama bila kushika ukuta. Mpaka uliponiita "Dada, shikamoo, maji ya kunywa yapo?" ndipo nilipojua ni nani, na hata hapo sikujua vizuri.

Kule kwenye ndiva wewe ulikuwa umeinama unavua kiatu, hukuona nyuso zao. Evance aliinama kama anayesoma andiko dogo. Rogers alichungulia begani kwake. Watu wazima arobaini na majembe yao wanatazama kidole gumba. Evance akainuka, akasema, "Ni chenyewe." Kisha akakupa sehemu yenye tope refu kuliko zote, na ukalitoa.

Jioni nilikupa kisu nilichokinoa kwa ajili ya jogoo. Uliyajaribu makali kwa kidole kama fundi, ukasema ni kizuri, ukatoka nje nacho. Nikasubiri nisikie kelele. Ukarudi na mchicha.

Alhamisi maji yalikuja. Nilikaa kando ya mfereji tangu yalipotokeza mpaka yalipoingia kwenye tuta la mwisho, sikufanya kazi nyingine yoyote. Rogers amefukia kimfereji chake.

Jogoo nimemfungua kamba. Anatembea uani kama mwenye shamba, na anawika hata mchana.

Dada yako,
Raheli