Nilivyokuolea Mke Ukiwa Gashoho

Mwanangu Yasini, uliye huko jeshini,

Barua hii atakupa dereva wa lori la chumvi. Akikuambia nimezeeka, mwangalie yeye kitambi chake.

Unakumbuka nilivyokuja huko Gashoho, Muyinga, kukuona? Mi nilidhani nitakukuta ndani ya shimo na bunduki. Nikakukuta kwenye pipa la maharage, unakoroga kwa ubao, soksi zako zinakauka kwenye mtutu. Wewe ambaye hapa Gitega hata chai ulipashiwa na mama yako! Yule mwenzako mrefu akapiga kelele: "Mzee, we ndiyo baba yake? Shabaha hana, lakini maharage anayaweza!" Ukacheka mpaka yakaungua.

Kosa langu ni kubeba sindano na uzi wa viatu. Nilishona buti lako moja tu, wenzako wote wakavua ya kwao. Kambi nzima miguu mitupu, mi nashona. Adui angekuja mchana ule, tungekimbia juu ya miiba. Hata komanda alileta lake. Harufu yake siiandiki, barua hufunguliwa njiani.

Ndipo ukainama kama unanishikia kiatu, ukaninong'oneza:

"Baba, kwao Zawadi wamechoka kungoja. Wanataka kumpa mwanamume mwingine, na mi permisyo ya kuja nyumbani nimenyimwa. Niolee wewe."

"Nikuolee vipi, na mama yako bado hajanifukuza?"

"Uwe wakili wangu mbele ya shehe, baba. Acha mchezo."

Ulikuwa hucheki tena. Basi nikaenda. Shehe akanishika mkono, nikasema nimekubali, kwa niaba ya Yasini. Mama yako alisimama nyuma ya pazia anakohoa, eti nisisahau hilo jina. Pilau nilikula sehemu yangu, nikala na yako.

Sasa Zawadi yuko hapa kwetu. Anafua, anapika, wanacheka na mama yako, wananicheka mimi. Ila lori likisimama barabarani, anaacha alichoshika. Juzi aliniuliza: "Baba, huko wanalala wapi?" Nikamwambia kwenye vitanda, na nyama mnakula. Zile nyasi mnazolalia, wawili blanketi moja, sikuzitaja. Ukimwandikia, usinifanye mwongo.

Wiki iliyopita walikuja watu kwa jirani yetu wa ng'ambo ya njia, kumpa habari ya mtoto wake. Naye alikuwa askari. Tulimsikia mama wa kijana huyo akipiga yowe tukiwa tumekaa kula. Zawadi hakutazama mlango. Alinitazama mimi, mkono bado uko kwenye sahani.

Omba permisyo tena. Wakikunyima, ngoja siku mbili uombe tena, mpaka wachoke na sura yako. Kukuolea mke nimeweza. Kumwambia mke huyo kwamba hutarudi, hiyo kazi siiwezi, mwanangu. Usinipe.

Mama yako anakusalimu.

Ni mimi,
Baba yako