Theluji Niliyokatazwa

Wambui mjukuu wangu,

Huku Riruta tuko wazima. Babu yako ametoka kupasuliwa goti kule hospitalini Upper Hill na tayari anagombana na wapangaji. Mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kama uende mlimani na wenzako wakati theluji ya huko ng'ambo inaanza kuyeyuka, ilhali kiongozi wenu amesema msichana wa Kiafrika atawachelewesha.

Nilipokuwa mwalimu kijana, tulipanda Mlima Kenya na walimu wenzangu, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Tulipofika theluji inapoanzia, kiongozi wetu, Mwalimu Kamau, akaniambia, "Wewe baki hapa utupikie chai."

"Chai mtajipikia," nikamjibu, nikatangulia.

Jua lilikuwa limelainisha theluji, nikawa nazama hadi magotini. Nilianguka, nikainuka. Kamau akapiga kelele nyuma yangu, "Rudi, utakufa!" Sikugeuka.

Karibu na kilele, ukungu ukafunga njia. Wanaume walitaka kuendelea. Mimi nilitazama mbele, sikuona pa kukanyaga, nikasema, "Sasa narudi." Wakanifuata, hata Kamau.

Kilele sikukifikia. Lakini hakuna aliyenirudisha. Nilirudi mwenyewe, nilipoamua, na mpaka leo nafurahia hilo kuliko kilele chochote.

Kwa hiyo nenda. Vaa soksi nzito, uangalie njia kwa macho yako mwenyewe. Huyo kiongozi akikwambia ubaki, mpite.

Ni mimi Cucu wako,
Nyokabi