Asikilize Tu

Kitaji, Musoma
6 Juni 1993

Dada Marcelina,

Shikamoo. Mwanangu Boke anayekuletea barua hii hajala tangu asubuhi. Mpe uji kwanza, ndipo usome.

Soko letu sasa limejaa mitumba na redio za kaseti, ila sangara wote wananunuliwa na kiwanda. Sisi tunauziwa vichwa na mifupa. Kinanda cha kanisa kimekufa, kwaya tunaimba bila chombo. Mimi sikisikitikii, kilikuwaga kinaficha uvivu wa wanaume wa besi. Nao wamebaki wawili. Karibu kila Jumamosi tunazika, na wimbo ni uleule, hata Mwalimu Magesa hatupi tena sauti ya kuanzia.

Unakumbuka shemeji yako Thadeo alipoanza kukohoa? Mwalimu alimsimamisha kijana Keraryo pembeni yake kwenye kwaya, ajifunze sehemu yake ya besi. "Asikilize tu," alisema, na Thadeo akacheka. Kwenye mazishi yake, Keraryo ndiye aliyeimba sehemu hiyo, na hakukosea hata mahali pamoja.

Mimi sijambo. Sare ya kwaya nimeipunguza mara mbili na bado inanipwaya. Jumapili iliyopita Mwalimu alimleta Robi, binti wa jirani, akamsimamisha kushoto kwangu. "Asikilize tu," alisema. Robi ana sikio zuri, ameshaishika sauti yangu karibu yote.

Huko Bunda shule zipo. Likizo ikiisha, usimrudishe Boke.

Mdogo wako,
Esta